Whitehead na maumbile: kati ya vitabu vinne, uanze na kipi?

Anayeuliza aanzie wapi kusoma falsafa ya mchakato, ile inayoyaona maumbile kama matukio yanayoendelea na si vitu vilivyotulia, huambiwa anunue Process and Reality, kitabu cha Alfred North Whitehead cha mwaka 1929. Ushauri huo umewapoteza wengi. Kitabu ni kikuu, hilo halina ubishi, lakini anayekifungua bila maandalizi hukwama sura ya pili, akakirudisha rafuni na kuamini kwamba kichwa chake ndicho kizito. Kumbe ni mlango tu alioingilia.

Hapa tunapima vitabu vinne vya Whitehead kwa swali moja: kipi kitamfikisha msomaji wa Kisumu, Nakuru au Kakamega kwenye mtazamo wake wa maumbile, kwa gharama ndogo na bila kumkatisha tamaa? Jibu letu ni Nature and Life, kijitabu cha mwaka 1934 chenye mihadhara miwili na kurasa zisizofika 50. Vile vitatu vingine vina nafasi yake, na tutaonyesha sura za kusoma na za kuruka.

Kwanza mwandishi mwenyewe. Whitehead alizaliwa Ramsgate, Uingereza, mwaka 1861, akafundisha hesabu Cambridge, na pamoja na Bertrand Russell akaandika mabuku matatu kuhusu misingi ya hesabu kati ya 1910 na 1913. Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 63, alihamia Harvard kufundisha falsafa, na akaishi Marekani hadi alipofariki mwaka 1947. Historia hiyo ina uzito wake. Anaposema kwamba picha ya ulimwengu kama vipande vya mata vilivyotawanyika katika nafasi tupu haifai tena, anasema hivyo akizijua hesabu zenyewe zilizoijenga picha hiyo.

Sasa kijitabu. Mihadhara hiyo miwili ilitolewa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1933. Wa kwanza unahusu maumbile yasiyo na uhai, wa pili maumbile yaliyo hai. Mwaka 1938 yote miwili iliingizwa katika kitabu kikubwa zaidi, Modes of Thought, ikiwa mhadhara wa 7 na wa 8, kwa hiyo ukikuta hicho dukani au maktabani nenda moja kwa moja hapo. Huna haja ya kupitia ile sita ya mwanzo.

Mhadhara wa kwanza ni wa kubomoa. Whitehead anaieleza picha ya zamani kwa haki kabisa: nafasi ni kama ghala tupu, mata ni vipande vilivyowekwa humo, kila kipande kina mahali pake, na ukikisimamisha katika nukta ya wakati isiyo na urefu wowote unaweza kukieleza chote bila kutaja kipande kingine. Halafu anaonyesha jinsi fizikia yenyewe ilivyong'oa nguzo za picha hiyo moja baada ya nyingine. Nafasi si tupu, imejaa nyuga za nguvu. Mata si kitu kilichotulia, ni shughuli, ni nishati. Na ile nukta isiyo na urefu haina chochote ndani yake, kwa sababu hata mtetemo mmoja unahitaji muda ili uwe mtetemo. Nguzo zote zimeondoka, lakini watu wanaendelea kukaa chini ya paa kana kwamba zipo. Hoja yake kuhusu Newton ndiyo tunayoipenda zaidi: kanuni ya mvutano inakupa hesabu sahihi ya jinsi miili miwili inavyovutana, lakini ndani ya miili hiyo, jinsi inavyoelezwa, hakuna chochote kinachosema kwa nini ivutane. Hesabu ipo, sababu haipo.

Kasoro ya mhadhara huu ni uhaba wa mifano. Msomaji asiye na fizikia ya kidato cha nne ataelea hewani. Dawa yake ni kuchukua kitu kimoja cha hapa kwetu na kusoma ukikishika mkononi, na kwa magharibi mwa Kenya hakuna mfano mzuri kuliko kayongo.

Kayongo ni lile gugu lenye maua ya zambarau ambalo huota katikati ya mahindi na mtama na kuyanyonya kutoka mizizini. Wataalamu huliita Striga hermonthica. Mbegu yake haifiki nusu milimita, ni kama vumbi, na mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu. Hukaa udongoni zaidi ya miaka 10 bila kuota. Sasa jaribu kuieleza mbegu hiyo kwa njia ya zamani: uzito wake, umbo lake, kemikali zake, mahali ilipo shambani saa nne asubuhi. Umemaliza kila kitu, na bado hujasema kayongo ni nini. Mbegu hiyo haioti mpaka kwanza ikae kwenye udongo wenye unyevu na joto kwa muda wa siku kadhaa hadi wiki mbili hivi. Baada ya hapo inasubiri ishara. Ishara ni kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mhindi, kwa viwango vidogo mno, na bila ishara hiyo mbegu inabaki imelala. Ikiipata inaota, na kimzizi chake kina siku chache tu za kuufikia mzizi wa mhindi kabla hakijafa.

Na mhindi nao unatoa ishara hiyo kwa nini? Si kwa ajili ya kayongo. Unaita kuvu wa udongoni wanaousaidia kupata fosforasi, na huita kwa nguvu zaidi pale fosforasi inapokuwa haba. Kayongo linadaka wito uliokusudiwa mwingine. Ndiyo maana shamba lililochoka ndilo linaloumia zaidi, na ndiyo maana kuling'oa tu hakutoshi: unaondoa mmea, uhusiano unabaki. Mbinu ya sukuma-vuta iliyoendelezwa kwenye kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kule Mbita hufanya kazi kwenye uhusiano wenyewe. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, mizizi yake hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kayongo na nyingine zinazozuia kimzizi kushika, basi mbegu inaota na kufa bila kupata mwenyeji.

Ukiwa na hilo akilini, rudi kwenye mhadhara wa kwanza. Pale Whitehead anapolalamika kuhusu dhana kwamba kitu kinaweza kuelezwa kikamilifu mahali kilipo bila kutaja kingine, utajua analalamikia nini. Mbegu ya kayongo imebeba siku zake za unyevu zilizopita ndani yake, na imeelekezwa kwa mzizi ambao bado haujaifikia. Wakati uliopita na jirani wamo ndani ya kile inachokuwa. Whitehead anadai kwamba ndivyo maumbile yalivyo kila mahali, hadi chini kabisa.

Mhadhara wa pili ni wa kujenga. Anataja mambo matatu yanayoutambulisha uhai: kila tukio hujifurahia kuwapo kwake, huumba kitu ambacho hakikuwapo, na huelekea kwenye lengo fulani. Kisha anapanga matukio ya maumbile katika makundi sita: binadamu, wanyama wengine, mimea, chembe hai moja moja, vitu vikubwa visivyo na uhai kama mawe, na matukio madogo sana ya fizikia. Anasisitiza kwamba hakuna ukuta kati ya makundi haya. Yanaingiliana, na sayansi inaona vipande tu kulingana na mbinu inayotumia.

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapokasirika, na wana haki ya kuuliza. Je, Whitehead anasema jiwe lina hisia? Hapana. Jiwe kwake ni mkusanyiko mkubwa wa matukio madogo ambayo hayana mmoja wa kuyaongoza, tofauti na mwili wa mnyama. Je, anasema elektroni inafikiri? Hapana pia. Anasema kwamba kila tukio hudaka kilicholitangulia na kukifanya kitu chake, na kwamba kufahamu kwa akili ni namna moja ya nadra na ya ghali ya kudaka huko. Usipotenganisha kudaka na kufahamu, kitabu chote kitaonekana kama hadithi za mizimu. Hata hivyo tuseme wazi: kayongo inathibitisha uhusiano, haithibitishi kwamba mbegu inajifurahia. Hatua hiyo ya mwisho ni ya kifalsafa, na mhadhara huu unaipita haraka kuliko inavyostahili. Ndiyo dosari yake kubwa.

Cha pili kusoma ni Science and the Modern World, cha mwaka 1925. Kilianza kama mihadhara minane iliyotolewa Boston mwezi Februari mwaka huo, kisha kikaongezwa hadi sura 13. Ni kitabu kilichoandikwa vizuri kuliko vyake vyote, lakini hakiko sawasawa. Soma sura ya 3, inayoeleza jinsi karne ya 17 ilivyoipata ile picha ya mata isiyo na rangi wala harufu, na rangi na harufu zikahamishiwa kichwani mwa mtazamaji. Soma ya 5, ambamo anawachukua washairi Wordsworth na Shelley kama mashahidi wa maumbile, si kama mapambo. Kisha ruka hadi ya 13. Sura ya 10 kuhusu udhahania iache kabisa mara ya kwanza. Ni ngumu, na kwa swali la maumbile unaweza kuzifuata sura za baadaye bila hiyo.

Humo kwenye sura ya 3 ndimo lilimo kosa ambalo Whitehead ni maarufu kwa kulitaja: kuchukua kitu cha kufikirika, kilichochambuliwa na kutengwa kwa faida ya hesabu, na kukiona kuwa ndicho uhalisi. Mfano upo Nakuru. Ramani ilikuwa na ukingo wa ziwa, mstari wa buluu, na mstari huo ulichukuliwa kuwa ndio ziwa. Barabara ikajengwa kando ya mstari, lango kuu la mbuga likawekwa kando ya mstari. Tangu mwaka 2010 hivi maji yakapanda, yakalifunika lango lile la zamani pamoja na barabara. Magadi yakazimuliwa, mwani unaoliwa na heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, ukapungua, nao wakatawanyikia maziwa mengine kama Bogoria. Mstari haukuwa ziwa. Ziwa ni mvua ya mlimani, mito, uvukizi, chumvi, mwani na ndege, yote yakiendelea kwa pamoja, na mstari ulikuwa mukhtasari wa miaka michache. Mukhtasari si kosa. Huwezi kujenga barabara bila ramani. Kosa ni kusahau kwamba uliuchora wewe. Magunia kwa ekari ni mukhtasari wa namna hiyohiyo: takwimu njema kwa mnunuzi, lakini anayeliona shamba kama magunia tu atashangaa udongo ukikataa.

Sura ya 13 ina aya chache kuhusu msitu ambazo tungependa kila mtu wa Kakamega na Shinyalu azisome. Hoja ni kwamba mti uliobaki peke yake unategemea bahati: upepo unaudumaza, joto na baridi vinabana majani yake, mvua inaukokota udongo kwenye mizizi, na majani yanayodondoka yanapeperushwa badala ya kuoza hapo chini. Miti ikiwa pamoja, kila mmoja hupoteza kidogo, jua na nafasi, lakini kwa jumla yanakuwepo mazingira ambayo hakuna mti mmoja ungeweza kuyatengeneza. Whitehead alikuwa akifikiria misitu ya Brazili. Sisi tunao Msitu wa Kakamega, kipande cha Kenya cha msitu wa mvua wa aina ya Kongo, na mtu akisimama pembeni yake, pale msitu unapokutana na mashamba ya chai na mahindi, anaweza kuulinganisha mti wa ndani na ule ulioachwa peke yake uwanjani kwa kuangalia tu.

Cha tatu ni The Concept of Nature, cha mwaka 1920, kilichotokana na mihadhara aliyoitoa Trinity College, Cambridge, Novemba 1919. Hiki ni cha kabla ya falsafa yake kukomaa na hakizungumzii uhai. Lakini sura ya 2 ndiyo maelezo bora tunayoyajua ya kile alichokiita kupasuliwa kwa maumbile: huku machweo mekundu tunayoyaona, kule molekuli na mawimbi ya mwanga, na kwa mujibu wa wengi lile la pili ndilo la kweli na la kwanza ni ndoto ya akili. Whitehead anakataa. Wekundu wa machweo ni sehemu ya maumbile kama zilivyo molekuli, na kazi ya falsafa ni kueleza yote kwa pamoja bila kutupa upande mmoja nje.

Sura ya 4 hadi ya 6 ni hesabu ya nafasi na wakati. Ziache, isipokuwa kama wewe ni mwalimu wa hesabu. Nenda sura ya 8, pale anapochambua ile nguzo ya Misri iliyosimama ukingoni mwa mto London, iitwayo Cleopatra's Needle. Anauliza: tukisema nguzo ipo pale, tunasema nini? Anajibu kwamba ni tukio linaloendelea, lina mwanzo wa kuwapo kwake London, kila siku linapoteza molekuli na kupata nyingine, masizi yanaingia na kuoshwa, na kwa mtazamo wa mwanafizikia ni ngoma ya elektroni. Ukitaka kulifanyia zoezi hilo hapa, nenda Kit-Mikayi, jiwe lile la mke wa kwanza pembeni mwa barabara ya Kisumu kuelekea Bondo. Keti mbele yake na uandike orodha ya yote yanayotokea katika nusu saa: jua linapasha upande mmoja, mawe yanapanuka, kuvu wa mawe anakula, maji ya mvua ya jana yanatoka kwenye nyufa, watu wanaomba chini yake. Halafu uulize ni lipi kati ya hayo utaliondoa ili ubaki na jiwe lenyewe. Zoezi hilo linafundisha zaidi ya kurasa 20 za ufafanuzi.

Process and Reality sasa. Ni mihadhara ya Gifford aliyoitoa Edinburgh katika msimu wa 1927 na 1928, ikapanuliwa. Sehemu tano. Tatizo lake ni muundo: katika sura ya 2 ya sehemu ya kwanza Whitehead anaweka meza nzima ya kategoria zake kabla hujajua zinatumika kwa nini. Kuna kategoria ya mwisho ya uumbaji, kategoria 8 za kuwapo, 27 za ufafanuzi na 9 za masharti. Ni kama kupewa orodha ya vipuri vya injini kabla hujaiona gari. Soma hivi: sehemu ya I sura ya 1, kuhusu mbinu, kisha ruka hadi sehemu ya II, sura ya 3 na ya 4, zinazohusu mpangilio wa maumbile na viumbe na mazingira yao, kisha sura ya 10 ya sehemu hiyohiyo. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye kategoria, na utashangaa jinsi zinavyosomeka. Sehemu ya IV ni jiometri.

Kuna jambo la kuangalia kabla ya kutoa pesa. Matoleo ya mwaka 1929 yalikuwa na makosa mengi sana ya uchapaji, na nakala za bei rahisi zinazouzwa mtandaoni mara nyingi huyarudia makosa hayo yote. Toleo lililosahihishwa lilitoka mwaka 1978, likahaririwa na David Ray Griffin na Donald Sherburne. Angalia majina yao mawili kwenye jalada, na ndani utaona namba za kurasa za toleo la zamani zimewekwa kwenye mabano ya mraba. Usipoyaona hayo, si hilo. Sherburne pia aliandika mwongozo, A Key to Whitehead's Process and Reality, wa mwaka 1966, ambao unakipanga upya kitabu kwa mada na una faharasa ya maneno nyuma. Kama una pesa ya kitabu kimoja tu cha karatasi, na tayari umesoma kile kijitabu cha Nature and Life, nunua mwongozo huo kabla ya kitabu chenyewe.

Makosa mawili ya usomaji yanajirudia mno hata hatuwezi kuyanyamazia. La kwanza ni kudhani falsafa hii inasema tu kwamba kila kitu hubadilika. Heraclitus alishasema kitu kama hicho zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Kwa Whitehead, tukio moja halibadiliki kamwe. Linakuwa, linakamilika, linapita, na likishapita linakuwa malighafi ya yanayofuata. Mabadiliko ni tofauti kati ya tukio na tukio lililolifuata. Asiyeishika hoja hii atasoma kitabu kizima akidhani kuna kitu kinachosafiri chini ya mabadiliko, na hicho ndicho anachokikataa mwandishi. La pili ni kuharakisha kusema kwamba Whitehead anasema kile Waafrika walichokijua zamani. Kuna mazungumzo ya maana hapo: Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyekuwa Kongo, aliandika mwaka 1945 kwamba kwa Wabantu kuwapo ni nguvu, Alexis Kagame, padri na mwanafalsafa wa Rwanda, akachambua lugha ya Kinyarwanda mwaka 1956, na Odera Oruka, mwanafalsafa aliyezaliwa Nyanza, akajenga hoja ya kimaadili juu ya dunia kama familia moja. Lakini Oruka huyohuyo alitumia maisha yake kudai kwamba fikra za Kiafrika zitafutwe kwa wenye hekima mmoja mmoja, kwa hoja zao, si kwa kulihukumu kabila zima kwa mkupuo. Soma kila mmoja kwa masharti yake kwanza.

Kiswahili kinatusaidia mahali pamoja kwa kiasi ambacho Kiingereza hakiwezi. Kitenzi chetu «kuwa» kinabeba kuwapo na kugeuka kuwa: amekuwa mwalimu, maji yamekuwa matope. Whitehead anahitaji kategoria nzima, ya 9 kati ya zile 27, kusema kwamba jinsi kitu kinavyokuja kuwa ndiyo kile kilivyo. Kwetu sentensi hiyo inakaribia kuwa sarufi. Si ushahidi wa falsafa, kwa sababu lugha haithibitishi chochote, lakini inakuokoa na kikwazo kinachowatesa wasomaji wengine.

Maneno mengine ya Whitehead tumejaribu kuyatafsiri hivi. Process ni mchakato, ingawa neno hilo bado lina harufu ya kiwanda na kuchakata mkonge. Occasion ni tukio. Prehension tunapendelea kudaka: kushika kunaleta akili mapema mno, kupokea kunamfanya mpokeaji alale, ilhali kudaka kunamwacha afanye kazi bila kumlazimisha afikiri. Concrescence ni kukua pamoja, kama mzizi wa neno la Kilatini unavyosema. Wengine wanapenda kuganda, kama maziwa kwenye kibuyu, lakini maziwa yaliyoganda yameshafika, na dhana hii inahusu kufika bado kukiendelea. Maumbile ni neno zuri lakini ukilisikiliza lina muumbaji ndani yake. Kwa Whitehead uumbaji na Mungu si kitu kimoja, na kundi la kanisa likianza kusoma litabishania hapo jioni nzima. Acheni libishane, lakini baada ya kumaliza mhadhara wa pili.

Kuhusu kupata nakala. Sheria ya Kenya inalinda kazi ya mwandishi hadi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Whitehead alifariki Desemba 1947, kwa hiyo maandishi yake yako huru hapa kwetu tangu mwaka 1998. Unaweza kuyapakua na kuyachapa saiba bila kumuibia mtu. The Concept of Nature kiko kwenye Project Gutenberg kikiwa kimepigwa chapa upya, kwa hiyo maandishi yake ni safi. Nakala za skana za vingine huwa na kurasa zilizokatwa pembeni au kurukwa, basi kabla ya kulipa hesabu namba za kurasa kwenye simu, moja hadi ya mwisho. Toleo la 1978 lina kazi ya wahariri ambayo bado ni yao, hilo usilitoe kopi.

Chapa upande mmoja tu wa karatasi na uache pambizo pana, kwa sababu utaandika zaidi kuliko unavyofikiri. Kwa saiba inayotoza shilingi 5 kwa ukurasa, kijitabu hakizidi shilingi 250. Watu wanne au watano wanatosha, jioni nne, kurasa 12 hivi kila jioni, na mmoja asome kwa sauti aya moja moja na kuieleza kwa Kiswahili kabla ya kuendelea. Zaidi ya kurasa hizo watu wanaanza kukubali kila kitu ili waende nyumbani. Jioni ya tatu, inayofungua mhadhara wa pili, ndiyo ngumu. Siku hiyo leteni mmea wa kayongo na mzizi wa mhindi uliong'olewa nao, vikiwa bado na udongo wake, na muuweke mezani kabla ya kufungua ukurasa.